Kibao cha Mwarobaini

Kila Jumamosi asubuhi wanafunzi wa kikundi cha miti walikutana kwenye bustani ya mji. Mwalimu wao alikuwa mama mdogo wake Chiriku, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hiyo kila mmoja alipewa kibao chenye jina la mti, akifunge kwenye mti wenyewe; cha Chiriku kiliandikwa mwarobaini.

"Shika jani kwanza, ulichunguze," mama mdogo alisema. "Mwarobaini una mwenzake anayefanana nao, na huyo ana sumu."

"Mwarobaini naujua hata nikifumba macho!" Chiriku alijibu, akakifunga kibao chake kwenye mti wa langoni bila hata kuinua kichwa.

Jumatatu, akitoka shule, alimkuta fundi viatu wa mtaani kwao akichuma majani ya mti ule.

"Homa imenibana, mwanangu," fundi alisema. "Nitayachemsha. Afadhali mmetuandikia jina."

Fundi alipoondoka, Chiriku aliokota jani. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja tu, na vijani vimejipanga pande zake mbili. Hili kikonyo chake kilikuwa kimezaa vikonyo vingine. Ulikuwa ule mti wenye sumu, lakini aliogopa kuchekwa, akanyamaza.

Kesho yake kibanda cha fundi kilikuwa kimefungwa. Kupitia ufa wa mlango Chiriku aliona viatu vimepangwa jozi jozi gizani, akahisi vinamtazama. Darasani kila aliyekohoa alikohoa kwa sauti ya fundi. Jioni nyumbani, mama mdogo alimwekea chakula, naye hakukigusa.

"Chiriku kanyamaza? Leo kuna jambo," mama mdogo alisema.

"Mama mdogo, nimeua mtu!" Akaangua kilio, akaeleza yote.

Walikimbia hadi nyumbani kwa fundi. Alifungua mlango akitetemeka, amejifunika shuka. Nyuma yake sufuria ilikuwa jikoni, imeanza kutoa mvuke.

"Umeshakunywa?" mama mdogo aliuliza.

"Bado. Jana sikuwa na nguvu hata za kuwasha moto."

Mama mdogo aliimwaga dawa ile, wakamshika fundi mkono kumpeleka zahanati. Njiani fundi alimshukuru Chiriku, na shukrani ile ilimchoma kuliko matusi.

"Kuukosea mti ni kawaida ya anayejifunza," mama mdogo alimwambia. "Lakini jana ulijua, ukanyamaza. Aibu yako ingepita kwa siku moja, mwanangu. Huyu tungemzika."