Tambiko Lililokatwa

Ardhi ilimeza. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, gudu, kama ya mtu mwenye kiu anayeshusha funda la kwanza. Ilitoka kwenye spika mara tu baada ya pombe kumwagika chini katika picha.

"Rudisha," Asumadu alisema.

Sarpong, mpiga kamera wake, akarudisha. Mzee Nimo akainama tena kwenye kioo cha kompyuta, chupa mkononi, pombe ikaruka mavumbini. Gudu.

"Chura," Sarpong alisema.

"Msimu huu wa vumbi? Chura ametoka wapi, Saudia?"

Walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu pale pombe ilipoangukia hapakuwa na unyevu wowote. Udongo ulikuwa mkavu kama unga.

Asumadu alikuwa dairekta wa filamu za kutisha ambazo Accra haikuwahi kuzisikia, na Kumasi yenyewe ilizisikia kwa bahati mbaya. Mizuka yake ilipakwa poda ya watoto, na katika ile filamu iliyouzika kuliko zote mzuka mkuu alivaa saa ya mkononi. Wanunuzi wa soko la Kejetia walimpenda hivyo hivyo. Wasichokijua ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwoga kuliko wote: jua likizama, akienda chooni, mkewe lazima asimame nje akiimba.

Katika filamu zake zote tambiko lilifanywa kwa maji tu, yakitiwa kwenye chupa ya kijani ya pombe kali. Safari hii alitaka ukweli. Alimpata Mzee Nimo, aliyekuwa msemaji wa chifu kabla magoti hayajamgomea, wakapanga kupiga picha uani kwake, penye kijito nyuma ya nyumba. "Fanya kama unavyofanya mbele ya chifu, mzee wangu," alimwambia, akampa chupa ya pombe halisi. "Watazamaji wangu wanajua feki."

Mzee akavua kandambili, akateremsha nguo begani kwa heshima, akamwita mwenye kijito kwa jina lake, akamwagia kinywaji. Kabla hajafika pale pa kumwombea mgeni huyo aliyeitwa arudi kwake kwa amani, jirani akaanza kutwanga fufu kwenye kinu. Tu! Tu! Sauti ya filamu ikaharibika.

"Kata!" Asumadu alipiga kelele. "Inatosha, tunayo!" Wakakunja nyaya, wakala, wakaondoka.

Sasa, siku mbili baadaye, wakiwa bado wanakikodolea macho kioo, mlango wa ofisi ukagongwa. Alikuwa Pokuaa, binti wa Mzee Nimo, kitambaa cha kichwa kimemlegea.

"Kaka Asumadu, baba hamezi."

"Hamezi chakula?"

"Hamezi hata maji. Yanaisha kikombeni, lakini kwake hayafiki." Alishusha sauti. "Njoo uone mwenyewe. Nikikusimulia utaitia kwenye filamu."

Chumba cha mzee kilinuka tope la mtoni, ingawa sakafu ilikuwa imefagiwa vizuri. Mzee Nimo aliketi mkekani, midomo imepasuka, macho yamezama. Pokuaa akamwekea kikombe mdomoni, na Asumadu akaona maji yakipungua, yakipungua mpaka kitako cha kikombe kikaonekana, na koo la mzee halikutikisika hata kidogo, na ulimi wake ulipotoka ulikuwa mweupe na mkavu, na kule pembeni, nyuma ya kabati, mahali ambapo paka asingeenea, kitu kikashusha funda taratibu, gudu, kikatulia, kikasubiri jingine.

"Ndiye huyu mwenye mdomo wa mkasi?"

Aliyeuliza alikuwa Maame Abrafi, mganga, mwanamke mfupi aliyekalia kigoda karibu na mlango.

"Ndiye," Pokuaa alisema.

"Shikamoo, mama," Asumadu alinong'ona.

"Heshima ungeileta siku ile. Umemwita mtu, umempa kinywaji, halafu umeyakata maneno katikati. Hajui aketi au aende. Basi yupo, anakunywa. Na huyu mzee hafiki kesho kutwa."

"Mama, nisamehe. Nifanye nini?"

"Mzee atayamalizia maneno yake. Wewe uliyekata utamsindikiza mgeni mpaka kwake. Usigeuke, usiseme neno. Na unajua desturi: anayesindikiza harudi mpaka mgeni amwambie, basi, rudi."

"Mbona asiende Sarpong? Yeye ana miguu mirefu."

Sarpong alikuwa tayari yuko nje, akikagua tairi la pikipiki ambalo halikuwa na tatizo.

"Na asiponiambia nirudi, mama?"

"Utaendelea kutembea."

Asumadu alimtazama Pokuaa. Binti hakumlaumu wala kumsihi; alikuwa akiupangusa mdomo wa baba yake kwa ncha ya khanga, polepole, kama anapangusa wa mtoto. Asumadu akavua viatu.

Wakamtoa mzee uani, jua bado lipo juu. Akamwaga pombe tena, akamwita tena, sauti yake ikikwaruza kama majani makavu, na Maame Abrafi akiitikia kila kifungu. Hakuna aliyekohoa. Yalipotoka maneno ya mwisho, nenda kwa amani, ututakie heri, vumbi mbele ya Asumadu likabonyea. Alama ya unyayo. Halafu nyingine.

Akaanza kutembea kando yake, mikono imeganda mbavuni, na nyayo zikaenda naye, zikipita kwenye migomba, zikiteremka mteremko, na kila alipopunguza mwendo nazo zilipunguza, na harufu ya tope ikamjaa puani, na sikioni mwake mtu alikuwa akimeza, akimeza, akimeza, na wimbo wa mkewe aliutafuta kichwani asiuone, na maji ya kijito yakamfika vifundoni, magotini, mapajani, na mgeni bado hajasema, na Asumadu akajua kwamba neno moja tu lingemrudisha ukingoni, lile 'kata' ambalo alikuwa amelisema maisha yake yote, akalibana kwa meno, akapiga hatua nyingine.

Maji yalimfika kifuani. Pembeni yake yakagawanyika.

"Basi, ndugu," ilisema sauti ya upole, yenye adabu kabisa, kama ya shemeji. "Umenifikisha. Rudi. Siku yako ikifika, nami nitakuja kukusindikiza."

Alipopanda uani akichuruzika maji, Mzee Nimo alikuwa anakunywa. Koo lilipanda na kushuka, maji yakimtiririka kidevuni, na Pokuaa alikuwa anacheka huku analia. "Niongezee," mzee alisema.

Pokuaa akamgeukia Asumadu, akamshika mikono yote miwili iliyolowa.

"Alisema nini?"

Asumadu aliitazama sura yake iliyojaa furaha.

"Ameshukuru," alisema.