Mjukuu Aitwe Ireneo

"Rudia hilo neno nikukate ulimi!"

Mzee Ireneo alikuwa amesimama katikati ya ua, kisu cha kuchinjia nguruwe kinachuruzika damu. Mkwewe Azucena, mjamzito wa miezi minane, hakurudi nyuma hata hatua moja. Majirani waliokuja kusaidia kuchinja wakajifanya wanaosha utumbo.

"Mwanangu hataitwa Ireneo, baba. Umemvunja mama mbavu, umemng'oa mwanao Fermín jino. Nimechoka kukuogopa."

"Mjukuu wa kwanza huchukua jina la babu! Nani katika kijiji hiki hajui? Na padri alikwambia, limetoka kwenye neno la Wagiriki la amani. Mtu wa amani!"

"Wewe?" Azucena alicheka kwa uchungu. "Wagiriki wakikuona watadai warudishiwe jina lao."

Kofi likamtua shavuni. Akaanguka kando ya beseni la damu, mikono tumboni. Mzee akainua kisu.

Fermín, mumewe, alikuwa hajawahi kumtazama baba yake usoni. Siku hiyo aliruka, akakidaka kisu kwenye makali, kwa kiganja kitupu. Damu ikafoka.

"Achia, mbwa wewe!"

"Siachii! Mguse tena mke wangu, mmoja wetu azikwe leo!"

Akamtwanga kichwa cha pua. Mzee akaenda chini, puu, akalala chali kwenye matumbo ya nguruwe. Saa ileile Fermín akamshika mkewe mkono, wakaondoka na nguo walizovaa.

Mwezi uliofuata walikuwa mjini Badajoz, mtoto wa kiume kifuani mwa mama yake. Kwenye simu ya Fermín ukaingia ujumbe kutoka kwa mzee: "Mmempa jina gani?"

"Chagua lolote, mpenzi," Fermín alisema. "Nitamjibu."

Azucena akaubusu ule mkono wenye vidole viwili visivyokunjika tena.

"Nilidhani nimeolewa na mwoga. Nisamehe. Andika Ireneo."

"Azu! Umerukwa na akili?"

"Andika tu."

Azucena akamtajia maneno, naye akaandika kama alivyoambiwa: "Anaitwa Ireneo. Jina halina kosa. Amelipata kwa baba yake, aliyeshika kisu kwenye makali ili sisi tukae kwa amani. Kwenye ubatizo usije."

Simu ikaita, ikaita. Hakuna aliyepokea. Fermín alikuwa anajifunza kumbeba mwanawe kwa vidole vitatu, huku analia waziwazi.