Kibanio cha Upande wa Kushoto

Kila siku ya kazi, saa tisa na dakika kumi alasiri, Kaisa alipanda ngazi za jengo lao akiwa amenuna. Wenzake wote walikuwa wanakimbilia uwanjani kucheza magongo kwenye barafu. Yeye, golikipa, tena golikipa mzuri, alikuwa anakwenda kusukuma mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa Eino, mdogo wake wa miezi minne, mwenye mashavu manene na sauti ya king'ora. Mama alifanya kazi ya jioni katika kiwanda cha mikate hapo mjini Thunder Bay, na Baba alitoka kazini saa kumi na mbili. Katikati hapo Eino alikaa kwa Bibi, mitaa minne kutoka kwao, na wa kumpeleka alikuwa Kaisa. Mama alimfunga Eino mikanda kwenye kiti chake cha gari, kwa sababu Baba alikihitaji kiti hicho kumrudishia nyumbani. Kisha alikishusha na kukipachika juu ya kigari chepesi cha kusukuma kilichowekwa chini ya ngazi.

Kigari na kiti vilitoka kampuni mbili tofauti, havikushikana vyenyewe. Kati yavyo kulikuwa na vibanio viwili vya plastiki nyeusi, kimoja kulia, kimoja kushoto. Mama alikandamiza kiti mpaka kikatoa sauti, ta! upande huu, ta! upande ule, akakitikisa, ndipo akatoka mbio kwenda kwenye gari la mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anampigia honi nje.

"Kama hukusikia mbili, hakuna safari," alimwambia Kaisa kila siku. Kaisa alikuwa amechoka kuyasikia maneno hayo.

Basi Jumamosi moja ya Februari, watoto wa mtaa walicheza magongo barabarani mbele ya jengo. Goli halikuwa na nguzo, na mabonge ya theluji waliyoyaweka yalibomoka kila yalipogongwa. Kaisa akaingia ndani, akachomoa vibanio viwili vya kigari, akavisimamisha barabarani. Vilikuwa vyeusi, vinaonekana vizuri, na kila mtu alimsifu. Mchezo ukanoga hata hakuna aliyelisikia greda la theluji mpaka lilipokata kona.

"Greda! Greda!" Wakatawanyika. Greda likapita likiisukumia theluji yote pembeni, na Kaisa akafaulu kunyakua kibanio kimoja tu. Cha kushoto kilizikwa mahali fulani ndani ya lundo la theluji lililomzidi kimo. Alichimba mpaka vidole vikafa ganzi, asikione.

"Mwambie tu mama yako," alisema Wyatt, rafiki yake wa jengo la pili.

"Wewe unamjua mama yangu?"

"Namjua. Ndiyo maana nakwambia umwambie wewe, siyo mimi."

Kaisa hakumwambia. Mwezi uliopita alikuwa amepoteza glavu, na kabla ya hapo ufunguo wa nyumba. Mama alikwisha kusema kwamba kikipotea kitu kingine, magongo basi mpaka theluji iyeyuke. Na Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mashindano, Kaisa golini. Akalikasirikia greda, akamkasirikia Mama, akamkasirikia hata Eino kwa kuzaliwa kwake. Mtu pekee ambaye hakumkasirikia ni yule aliyechomoa vibanio.

Jumatatu honi ilipolia, Mama alikuwa bado anatafuta kofia yake ya kazini. "Mshushe Eino, nakuja!" alisema.

Kaisa akakishusha kiti. Upande wa kulia ukalia ta! Upande wa kushoto akaufunga kwa kamba ya kiatu chake cha kutelezea barafuni. Alipiga mafundo matatu, akaikaza mpaka ikamkata mkono, kisha akafunika yote kwa blanketi. Mama akashuka mbio.

"Umesikia mbili?"

"Nimesikia mbili."

"Umekitikisa?"

"Mama, nimesema nimesikia! Mbona huniamini?"

Honi ikalia tena. Mama akambusu Eino, akatoka.

Mitaa mitatu ilipita salama, na Kaisa akaanza kujiona mjanja. Kwenye kona ya mwisho greda lilikuwa limeacha tuta la barafu. Akalivuka kama siku zote. Magurudumu ya mbele yakashuka ghafla, na ile kamba, iliyokwisha kuloa theluji, ikateleza. Kiti kikalalia kushoto. Kibanio cha kulia peke yake hakikuweza kukishika, kikaachia. Kaisa alirusha mikono, akadaka hewa.

Mikono mingine ikakidaka kiti, shubiri moja tu kutoka kwenye barafu. Ilikuwa ya Anti Rhonda, mama yake Wyatt, aliyekuwa anapeleka barua za posta nyumba za mtaa ule. Mkoba wake ulikuwa umeanguka, barua zimetapakaa kwenye theluji, na yeye amepiga magoti amekumbatia kiti. Eino alining'inia kwenye mikanda yake, kimya kwa sekunde moja, halafu akalia mtaa mzima ukasikia.

"Kumetokea nini hapa?" Anti Rhonda alifoka.

"Kibanio kimevunjika," Kaisa alisema. "Kilikuwa kibovu."

Anti Rhonda akashtuka. Kigari kile na vibanio vyake ni yeye aliyewapa, baada ya mtoto wake wa mwisho kukua. Hakuuliza tena. Aliokota barua zake harakaharaka, akakibeba kiti mwenyewe mpaka kwa Bibi.

Bibi alimvua Eino nguo zote, akamkagua kichwa, shingo, na vidole kimoja kimoja. Hakuwa na hata mchubuko. Kisha akampigia Mama simu kazini. Mama alifika baada ya dakika ishirini, aproni imejaa unga. Akamnyakua Eino, akasikia habari ya kibanio kibovu, na macho yakamgeukia Anti Rhonda.

"Ulinipa kitu kibovu?"

"Nilivikagua, Marjo. Naapa nilivikagua."

"Ulivikagua wapi! Ulikuwa unasafisha stoo yako, sema kweli! Takataka zako ukaniletea mimi nimpakilie mwanangu!"

"Marjo, taratibu," Bibi alisema.

"Sitaki taratibu! Mwanangu nusura apasuke kichwa! Toka, Rhonda. Na mwanao asikanyage kwangu."

Anti Rhonda hakujitetea. Alisimama mlangoni, theluji ikimyeyukia kwenye mabuti, machozi yakimtoka. "Pengine sikuvikagua vizuri," alisema. "Nisamehe."

Kaisa alikuwa mezani na kipande cha mkate wa iliki alichopewa na Bibi ili atulie. Mtu aliyemdaka Eino anaomba msamaha, na yeye aliyemwangusha amekaa kwenye joto anakula mkate. Aibu ikamshika.

"Hakikuvunjika!" alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Nilikichukua mimi nikafanyia nguzo ya goli. Greda likakizika. Leo nilifunga kwa kamba ya kiatu."

Mama alimpa Bibi mtoto, polepole, kama anaogopa mikono yake mwenyewe.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuuliza umesikia mbili!"

"Ungenikataza mashindano!"

"Ningekukataza, ndiyo! Ningepiga kelele, ungelia, tungelala, na leo Eino ningembeba mwenyewe kifuani mpaka hapa! Hasira yangu ndiyo uliyoiogopa? Hasira yangu haiui mtu, Kaisa. Barafu inaua!"

Kaisa akalia. Hakuna aliyembembeleza, hata Bibi, ambaye kwa kawaida hakuweza kuvumilia chozi la mjukuu.

Mama akamgeukia Anti Rhonda, na uso wake wote ukawa mwekundu. "Nimekutukana kabla sijauliza," alisema. "Na kukitikisa kile kiti ilikuwa kazi yangu. Nilisikia honi nikamwachia Kaisa. Nisamehe, Rhonda. Umeniokolea mwanangu nami nikakufukuza."

"Nimekasirika bado," Anti Rhonda alisema, akipangusa macho kwa glavu.

"Najua."

"Na nitakasirika mpaka keshokutwa. Usidhani utaniletea mikate hasira ziniishe."

"Nitakuletea hata hivyo."

"Lete. Nitakula nimekasirika."

Jioni hiyo Kaisa alimpigia kocha simu. Mama alisimama kando, asimsaidie hata neno. Kocha alipouliza kwa nini golikipa wake hachezi Jumamosi, Kaisa alitaka kusema ana mafua. Kisha akasema, "Nilidanganya, na mdogo wangu nusura aumie vibaya." Baada ya hapo akamwandikia Anti Rhonda barua ya kuomba msamaha, akaipeleka mwenyewe mlangoni, kwa mkono.

Vibanio vipya viliagizwa, vikachukua siku tisa kufika. Siku hizo tisa Mama alitoka nyumbani mapema, akambeba Eino kifuani ndani ya koti lake, na Kaisa alitembea pembeni akiwa amebeba kile kiti kitupu. Kilikuwa kizito, na mkono wake ulikuwa karibu kung'oka kabla hata ya mtaa wa pili. Mama hakumpokea.

Siku ya mwisho, kwenye ile kona, Mama alisimama ili wapumzike. Hakuwa amekasirika tena, na kwa Kaisa hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Utapoteza vitu vingine, Kaisa," alisema. "Kila mtu hupoteza. Ukipoteza, njoo uniambie, na hasira zangu nitajua mwenyewe pa kuzipeleka. Lakini ukinificha, siku nyingine nitaondoka kwenda kazini nikicheka, na sitajua mwanangu amekaa juu ya nini."

Kaisa alimtazama Eino, aliyelala na mdomo wazi ndani ya koti. Alifuta pua, akakihamishia kiti mkono wa pili, akashuka barabarani kwa uangalifu kumtangulia Mama.