Hodi Kwenye Lango la Mtaro

Saa kumi alasiri, maji makuu ya bamvua yamefika juu kabisa, Mutunga alisikia mtu akipiga hodi nyuma ya lango la chuma, upande wa baharini.

Huu ulikuwa mwaka wake wa sita kwenye kazi ile: bahari ikijaa, azungushe gurudumu ashushe lango mdomoni mwa mtaro wa Kibokoni, maji ya chumvi yasipande majumbani; ikipwa, alipandishe, maji ya mvua yapate kutoka. Nyuma ya lango hapakuwa na pa kusimama mtu. Palikuwa na bahari tupu.

"Nani?" aliuliza.

Ikamjia harufu nzito ya asumini, mahali ambapo siku zote hunuka uvundo.

"Mutunga, ni mimi. Nifungulie, nazama."

Ilikuwa sauti ya mkewe, Mwikali, aliyemwacha nyumbani Tononoka na mimba ya miezi minane. Alimpigia simu, haikupatikana. Mikono ikaenda yenyewe kwenye gurudumu.

"Usifungue!" Bi Mejumaa, jirani wa mtaro, alikuja mbio na chetezo cha ubani. "Umemwitikia?"

"Nimemwitikia, mama. Ni mke wangu!"

"Si mkeo huyo, mwanangu. Ukifungua, wa nyumba za chini wote watakufa maji. Nyamaza."

Akaanza kusoma dua, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyozidi kulia, ikimwita Mutunga kwa jina ambalo Mwikali humwita wakiwa wawili tu, ikisema mtoto anacheza tumboni, ikisema maji yamefika kidevuni, ikikwaruza chuma kwa kucha, mpaka Mutunga akajifunga mkono nguzoni kwa mshipi wake asije akalifungua lango, akalia kama aliyefiwa.

Kisha kimya. Asumini ikapotea.

"Ameondoka," Bi Mejumaa alinong'ona, lakini uso haukumtulia. "Kaenda wapi, sijui."

Maji yalipopungua, Mutunga alipandisha lango, akakimbia hadi Tononoka. Mwikali alikuwa jikoni, mzima, akichambua pojo. Akamkumbatia.

Mwikali akajitoa mikononi mwake polepole. Alimtazama, kisha akautazama mlango wa chumbani.

"Wewe unatoka wapi?" alinong'ona. "Nimekufungulia tangu saa kumi na moja. Ulikuwa umelowa chepechepe. Ukasema umechoka, ukaingia kulala."

Chumbani kitanda kikalia. Mtu alikuwa anainuka.