Kompyuta ya Yeyote Atakayenifunga

Orodha ya vipuri vya kompyuta ilikuwa na mistari minane. Fundi aliiandika mwenyewe asubuhi, akaisoma mara mbili kama anavyosoma vipimo kabla ya kukata kitambaa, na ilikuwa minane. Saa saba mchana, alipolifungua tena daftari juu ya meza ya cherehani, mistari ilikuwa tisa. Wa tisa ulisema: Feni moja zaidi, humu kuna joto.

Mwandiko ulikuwa wake. Hata ule mkia mrefu anaoupa herufi ya f ulikuwapo. Ila yeye hakuandika.

"Kipa," aliita kupitia mlango wa chumba cha ndani, "umeshika daftari langu?"

"Nimelifuata kwa miguu gani?" mdogo wake alimjibu. "Labda lenyewe lilikuwa linanifuata, likachoka njiani."

Fundi alicheka, na kicheko kile kilimfanya asahau kuogopa. Mwaka mzima nyumba ile haikuwa na mzaha. Mdogo wake alikuwa golikipa wa timu ya mtaa, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyeruka kama paka, mpaka siku alipopanda juu ya bati kuziba tundu akaanguka. Tangu hapo miguu haikumsikia. Alilala akitazama ukuta, chakula akakionja kama dawa, na maneno yakamkauka kinywani. Fundi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alijaribu kila alilolijua. Halafu asubuhi ile, bila kuombwa, Kipa alisema, "Dada, niletee karatasi. Nataka tujenge kompyuta ya gemu, kipande kwa kipande." Fundi alitoka nje akalia nyuma ya nyumba, kisha akarudi na daftari.

Lilikuwa daftari la vipimo, kwa kuwa hakuwa na jingine. Na daftari lile lilikuwa na sheria yake. Shangazi yao, aliyemfundisha kushona, alimwambia siku ya kwanza kabisa: kabla hujaandika kipimo chochote, andika juu ni ya nani. Nguo isiyo na mwenyewe huvaliwa na asiyeitwa. Miaka ishirini na saba Fundi hakuivunja sheria hiyo, hata kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Basi aliweka kalamu kwenye mstari wa juu akasema, "Naandika jina lako."

"Jina langu la nini? Unanijua mimi, hakuna anayenifunga goli," Kipa alisema akicheka, macho yakimng'aa. "Andika hivi: Ya yeyote atakayenifunga."

Ndicho kicheko cha kwanza alichokisikia kwake baada ya mwaka. Fundi hakutaka kukizima. Akaandika.

Kesho yake alikwenda kwa muuza vipuri, mtu mnene mpole ambaye mtaa mzima ulimwita Dhamana, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kuitaja.

"Prosesa hii ina dhamana miaka mitatu," alisema Dhamana. "Kadi ya picha, miwili. Mke wangu hana, ila simrudishi."

Fundi alivua futi shingoni akaipima kadi ya picha, kisha akalipima kasha kwa ndani.

"Dada, unaishonea suruali?"

"Kinachobana kinabana, kiwe kiuno kiwe kasha. Hii haiingii. Nipe ile fupi."

Waliendelea hivyo, kipande baada ya kipande: bodi kuu yenye nafasi za kutosha, pawa yenye nguvu ya kuvilisha umeme vyote, diski, kumbukumbu mbili zinazofanana kama mapacha. Fundi alivigusa vyote kwa ncha za vidole, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Kisha Dhamana akaweka juu ya kaunta feni ndogo nyeusi.

"Hiyo sikuiagiza," alisema Fundi.

"Ndugu yako ameiagiza. Alipita jana mchana. Mrefu, mmefanana pua. Nilimkaribisha ndani akakataa, alisimama tu hapo kizingitini, akasema haingii mpaka apimiwe."

"Nina ndugu mmoja, na hatembei."

Dhamana alijikuna shingo. "Basi nitakuwa nimechanganya wateja," alisema, lakini sauti yake ilishuka, na hakuirudisha feni rafuni. Fundi naye hakuikataa. Aliona kwamba akiikataa atakuwa amekiri kuna kitu cha kukataliwa. Akaitia mfukoni pamoja na vingine.

Walijenga siku mbili, mchana, dirisha likiwa wazi. Kipa alilala ubavu akisoma maelekezo, dada yake akishika bisibisi.

"Ile pomadi ya kupozea prosesa, tone moja tu, dada. Huipaki kama mafuta ya kichwa."

"Ndugu yangu, nimetia uzi kwenye sindano kabla hujaota meno. Soma karatasi yako."

Alipofunga skrubu ya mwisho alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua chini ya pasi. Alikimbilia chumba cha mbele. Pasi ilikuwa baridi, imesimama mahali pake, na waya wake umezungushwa. Aliporudi, Kipa alikuwa ameshawasha. Taa za ndani ya kasha ziliwaka buluu, feni zikaanza kuvuma pamoja kama nyuki, isipokuwa ile nyeusi. Yenyewe ilivuma ikanyamaza, ikavuma ikanyamaza, kama mtu anayevuta pumzi kisha anaizuia ili asikilize.

Kipa alichagua gemu ya mpira, akajiweka langoni. Padi ya kuchezea ilikuwa moja tu, na nyumba haikuwa na intaneti. Hata hivyo, kabla filimbi haijalia, maandishi yalitokea chini ya skrini: Mchezaji wa pili ameingia.

"Kumbe inacheza na mtu yenyewe," alisema Kipa kwa furaha. "Hata sikujua."

Siku tatu Fundi aliisikia furaha hiyo ikibadilika. Akiwa mbele kwenye cherehani, alisikia mpira ukigonga ukuta wa chumba cha ndani, tu, tu, tu, mgongano mzito wa ngozi juu ya saruji, si sauti ya kwenye spika, na kila alipoinua mguu kwenye kanyagio ili asikilize vizuri, ule mpira nao ulitulia. Sahani za chakula zilirudi kama zilivyokwenda. Midomo ya Kipa ilipasuka kwa ukavu. Alianza kuzungumza kwa sauti ya chini na mtu ambaye Fundi hakumwona, na harufu ile ya kitambaa kinachoungua ikahamia kwenye mito yake, kwenye nywele zake, mpaka kwenye maji ya kunywa.

Siku ya nne alikaa pembeni ya kitanda. "Mdogo wangu, zima kidogo upate kula."

"Siwezi. Amenifunga mbili."

"Nani?"

"Huyu." Hakutoa macho kwenye skrini. "Ni mzuri, dada. Hajawahi kunifunga mtu kama huyu. Tumekubaliana mwisho ni tatu."

"Akifunga ya tatu, kunakuwa nini?"

Kipa alifikiri, kama mtoto aliyeulizwa swali jepesi. "Anachukua nafasi yangu," alisema taratibu. "Kasema kasha ni dogo. Lilikuwa la kusubiria tu."

Fundi aliinuka kitandani. Alitoka kama mtu anayekwenda kuchota maji, na alipofika barabarani akaanza kukimbia.

Shangazi alikuwa mtu mzima sasa, macho yake hayaoni tena tundu la sindano, lakini watu waliposhindwa na mambo yasiyo na dawa hospitalini walimwendea yeye, na hakuwahi kumtisha mtu wala kumdanganya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza jambo moja.

"Juu ya ukurasa uliandika nini?"

Fundi alimwambia. Shangazi alifumba macho.

"Ulimshonea mtu nguo, mwanangu, na juu yake ukaandika mashindano: nguo sasa ni ya atakayeshinda. Twende, jua halijavuka kichwa."

Walipoingia, chumba kilikuwa kimoto kama tanuri ingawa dirisha lilikuwa wazi, na feni nyeusi haikuwa ikinyamaza tena bali ilivuta, ilivuta tu, pazia likiwa limeelekea kwenye kasha na karatasi za maelekezo zikitambaa sakafuni kulifuata, na Kipa alikuwa ameketi wima pasipo mto, yeye ambaye mwaka mzima hakuweza kuketi bila kushikwa, jasho likimchuruzika, vidole vikikimbia juu ya padi, huku kwenye skrini mtu mrefu asiye na namba mgongoni akija peke yake kuelekea lango, akija bila haraka, na uwanja mzima nyuma yake ukiwa mtupu, na Fundi aliona kwamba mtu yule hakuutazama mpira wala lango, alimtazama Kipa, na pua yake ilikuwa pua ya mama yao.

"Chomoa," alisema Shangazi.

Yule mtu alipiga. Kipa aliruka kwa vidole. Fundi alichomoa waya ukutani, na skrini ikawa nyeusi mpira ukiwa bado hewani.

Kipa aliangukia upande kama gunia. Shangazi alikaa sakafuni, akasoma dua kwa sauti ndogo isiyoyumba, akamwonyesha Fundi kwa kidole. "Fumua. Uanze na ulichoshona mwisho. Kila unachotoa, kitaje ni cha nani."

Fundi alifumua. Alitoa skrubu, akatoa kadi ya picha, akatoa zile kumbukumbu pacha, na kwa kila kimoja alilitaja jina la mdogo wake, lile alilopewa na mama. Vyote vilitoka kwa upole. Feni nyeusi ilikataa. Iling'ang'ania skrubu zake, na ilipotoka hatimaye ilikuwa ya moto, imejaa nyuzi za kila rangi, nyuzi za mabaki ya kazi za miaka yote ishirini na saba. Shangazi aliifunga katika kitambaa cheupe, akaondoka nayo, hakusema anaipeleka wapi. Kabla ya kutoka aliuchana ule ukurasa akautia kwapani.

"Ijengeni upya kesho," alisema. "Jina kwanza."

Waliijenga upya, jina kwanza. Feni zilivuma sawasawa. Kipa alikunywa uji, akaomba mwingine, akamsengenya Dhamana, akalala usingizi mzuri. Jioni ya tatu, wakati Fundi anampangia mito, aliuliza kitu kimoja.

"Dada, ile ya mwisho sikuiona. Ulichomoa mapema. Iliingia?"

Fundi naye hakuona. Alikuwa akiutazama waya. Lakini alikuwa amelea, na aliyelea anajua kuna maswali ambayo mtoto anataka jibu moja tu.

"Haikuingia," alisema. "Uliidaka."

Kipa alitabasamu, akafumba macho.

Asubuhi alikuja mteja wa gauni, mwalimu wa shule ya jirani, naye alikuwa na haraka. Fundi alifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaweka kalamu mstari wa juu. Ukurasa ulikuwa umeshaandikwa. Shingo, mabega, kifua, mkono, kiuno, kila kipimo na namba yake, kwa mwandiko wake, wenye ule mkia mrefu wa f. Alizijua namba zile. Alimshonea mdogo wake mashati tangu akiwa anatambaa. Chini kabisa palikuwa na urefu wa miguu, uliopimwa kutoka kiunoni mpaka kisigino, kama anavyopimwa mtu aliyesimama. Mstari wa juu, mahali pa mwenyewe, ulikuwa na maneno mawili: Mwili wangu.

"Vipi, fundi, umenisahau?" aliuliza mwalimu.

Nyuma, chumba cha ndani, kitanda kililia. Kisha kikaja kimya cha mtu anayejipima uzito. Kisha hatua moja juu ya saruji, na ya pili, na ya tatu, za mtu mrefu asiye na haraka, zikasimama nyuma ya mlango, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikapita chini yake.

"Dada," ilisema sauti ya mdogo wake, kutoka juu, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. "Iliingia."