Ngamia Aliyevuka Mlima Elgon

Maji yalipokuja hayakubisha hodi. Wekoye alisikia mngurumo kutoka juu akadhani ni radi ile ile iliyokuwa ikiwafuata tangu asubuhi. Kisha akaona vijiwe vikitetemeka chini ya miguu yake, na harufu ya udongo mbichi ikampiga puani.

"Issack, toka kwa hiyo korongo. Toka saa hii."

Issack hakuuliza kwa nini. Aliinama, akamsukuma ndama wa ngamia kwa bega mpaka juu ya ukingo, naye akapanda nyuma yake kwa magoti. Wekoye alibaki akivuta kamba ya mama mtu, ngamia aliyeitwa Deka. Alivuta mpaka viganja vikachubuka. Deka alisimama katikati ya korongo akicheua, kama mke mkubwa anayesubiri kuombwa vizuri. Ndama alipolia kule juu ndipo alipoinua shingo, akapanda kwa hatua tatu ndefu, nusura amkanyage Wekoye. Hawajageuka bado, maji ya rangi ya kahawia yakapita pale pale walipokuwa, yamebeba magogo na mawe. Gogo moja lilimgonga Issack kwenye muundi likamchana. Unga, sufuria, blanketi na gunia la chumvi, ambavyo walikuwa wameviteremsha ili Deka apumzike, vyote vilikwenda na maji.

Kosa lilikuwa la Issack, naye hakulikana. Alikuwa Msomali aliyekulia nchi kavu ya kaskazini, ambako mto mkavu, laga, ndio barabara. Mchanga wake laini, miiba haba, na ngamia hupita bila kunung'unika. Alipoona korongo kavu limepanda Mlima Elgon moja kwa moja, alishukuru Mungu kwa kumfungulia njia. Wekoye, Mbukusu wa Kimilili, alijua kwamba mlima huu hunyesha juu huku chini watu wanaanika wimbi. Lakini alikuwa amechoka kufyeka vichaka kwa panga, na uvivu ulimfunga mdomo. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu mwenzake.

"Kwetu laga ikitaka kukuja, inatuma upepo kwanza," Issack alisema akitazama damu ikichuruzika.

"Hapa kwetu inakuja yenyewe, bana. Leta mguu."

Wekoye alichana upindo wa shuka yake akafunga jeraha. Njia ya kurudi Suam, walikoanzia kupanda, sasa ilikuwa ng'ambo ya maji yale, na hayakuonekana kuwa na haraka ya kupungua. Walibaki na panga, kamba za mkonge, na magunia mawili matupu yaliyokuwa mgongoni mwa Deka.

Ni lazima niseme ngamia alifuata nini huko, maana hata tumbili walikuwa wakijiuliza. Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa nzige. Issack alikuwa mnunuzi wa ngozi mjini Kitale, na Wekoye alikuwa mshirika na mtani wake wa miaka mingi. Dada yake Issack, Fadumo, aliolewa Bungoma, nyumba yake ikiwa karibu na msikiti. Homa ilikuwa imemshika mwezi mzima, ikatoka, lakini ilipotoka iliondoka na hamu yake ya kula. Uji aliusukuma kando. Nyama hakutaka hata kuinusa. Alibaki mifupa na macho. Siku moja tu alifungua mdomo akaomba kitu, akaomba maziwa ya ngamia.

Issack alimpata Deka na ndama wake kwa jamaa zake ng'ambo ya Kapenguria. Lakini barabara za kupita kwenye mashamba ya wazungu zilikuwa chini ya karantini kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe, na mnyama yeyote mwenye kwato hakuruhusiwa. Issack alimwambia askari wa kizuizini kwamba ngamia hana kwato, ana vidole viwili na unyayo laini. Askari yule aliinama, akautazama unyayo kwa makini, akakubali kwamba kweli si kwato, kisha akakataa. Ikabidi wazunguke kwa Suam na kupanda mlima.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Ngamia hutoa maziwa mradi ndama wake yuko pale anamnyonya. Ndama akifa, maziwa hukauka, na maneno matamu hayasaidii. Matumaini yote ya Fadumo yalikuwa yamesimama juu ya miguu minne myembamba ya ndama aliyezaliwa kwenye joto, na ambaye sasa, amelowa chapa, alikuwa akitetemeka mlimani.

Hawakuwa na njia nyingine ila kwenda juu. Walipita msitu wa mianzi kwa njia pana zilizokanyagwa na ndovu, wakatokea kwenye uwanda wa nyasi za mafundo, ukungu ukitembea chini kabisa. Deka alikataa nyasi. Akanusa huku na kule, kisha akagundua ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya miti, akaanza kuzivuta na kuzitafuna macho yamefumbwa.

"Anakula ndevu za miti," Wekoye alisema. "Huyu hakosi chakula hata mbinguni."

Alisema hivyo akiwa amekwisha kunywa maziwa ya Deka mchana huo, yeye aliyeapa Kitale mbele ya watu kwamba hatayaonja. Njaa haina mashahidi.

Uwandani ilisimama miti ambayo Wekoye hakuwahi kuikaribia. Vigogo vyake vilikuwa vinene kama mtu aliyevaa makoti matatu, na juu yake kichwa cha majani mapana kama kabichi. Jua lilikuwa linazama, baridi ikaanza kuuma masikio. Ndama akalala chini, shingo imenyooka, na Issack alipomwinua akaanguka tena.

"Akilala hivi mpaka asubuhi, ameisha," Issack alisema. Sauti yake ilipasuka, akageuka upande.

 Wekoye alitazama miti, kwa kuwa hakutaka kumtazama rafiki yake akilia. Ndipo alipoona yale majani ya kabichi yakijikunja polepole, moja baada ya jingine, yakafunika chipukizi katikati kama mama anayemfunika mtoto. Alisogea. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, akavisukuma ndani ya kile alichodhani ni gome. Halikuwa gome. Yalikuwa majani ya zamani, makavu, yaliyonyauka bila kudondoka, tabaka juu ya tabaka, mpaka kwenye kigogo chenyewe. Ndani mlikuwa na uvuguvugu wa mchana. Mkono wake ukaanza kuchomachoma kwa uhai.

Hatua chache mbele moto wa zamani ulikuwa umepita. Miti iliyounguliwa koti ilisimama uchi, vichwa vimekauka. Ile iliyobaki na majani yake makuukuu ilikuwa hai.

"Issack, kuja uone. Hii mti haitupi nguo yake ya zamani. Inavaa yote."

"Na sisi tutafanya nini na hiyo?"

"Tunaomba kidogo. Kwa kila mti konzi moja, tusivue mwenye nyumba."

Walikusanya mpaka mikono ikajaa. Wakapasua gunia moja, wakalijaza majani makavu, wakalikunja na kulishona kwa kamba ya mkonge, wakalifunga kiunoni na kifuani mwa ndama. La pili wakalipitisha mgongoni mpaka shingoni. Ndama alionekana kama mto wa kulalia wenye miguu. Issack alimtazama, akafuta pua, kisha akacheka, na Wekoye akacheka mpaka akakaa chini. Walimlaza ubavuni mwa Deka, wao wenyewe wakajichomeka katikati ya nyasi za mafundo, mgongo kwa mgongo. Mmoja alisali kwa Kiarabu, mwingine kwa Kibukusu, wote wakiombea mnyama mmoja.

Alfajiri uwanda mzima ulikuwa mweupe kwa sakitu, umande ulioganda. Wekoye alifungua jicho moja, akaogopa kufungua la pili. Akasikia mdomo ukifyonza. Ndama alikuwa amesimama na koti lake, kichwa chini ya tumbo la mama yake, mkia ukipiga gunia.  Wekoye angekuwa peke yake angecheza ngoma.

Karibu yao kulikuwa na mmea wa umbo la bakuli, majani yamepangana yakishika maji katikati. Juu ya maji palikuwa na barafu nyembamba. Aliivunja kwa kidole, na chini yake maji hayakuwa yameganda, na kitumba cha mmea kilikuwa kimejificha humo salama. Ndege chozi wa kijani, manyoya yamevimba hata akawa mviringo kama limau, alikuwa akinyonya ua la mmea jirani bila kuwajali.

"Hapa kila mtu ana ujanja wake," Wekoye alisema. "Kunywa. Hii maji haina neno."

Lakini Issack alipojaribu kukamua, Deka alitoa matone machache tu. Jioni ile hali ilikuwa hivyo hivyo, na siku iliyofuata ndama alianza kumgonga mama yake kiwele kwa hasira.

"Ni chumvi," Issack alisema. "Ngamia bila chumvi anafunga duka. Na chumvi yetu ilichukuliwa na maji."

"Mtu atapata chumvi wapi huku juu?"

Waliteremka wakitafuta Kimilili, ukungu ukiwazungusha. Walikutana na njia ya ndovu, pana, iliyosiginwa mpaka kwenye jiwe. Wekoye alisimama akaitazama. Haikuelekea kwenye mto. Mto waliusikia upande wa pili kabisa. Alichokoa kinyesi cha ndovu kwa ncha ya panga, akakuta changarawe ndani yake.

"Ndovu hapandi mlima hivi bila shughuli," alisema. "Na hakuna mtu anakula mawe kwa kupenda. Twende tuone anafuata nini."

Njia iliwaongoza mpaka kwenye mdomo wa pango. Deka, ambaye tangu Suam hakuwahi kutangulia, aliinua pua, akamvuta Issack kwa kamba, akaingia. Kuta zilikuwa zimechorwa mifereji mirefu. Deka akaweka ulimi ukutani, akalamba kana kwamba anasoma.

"Hiyo ni nini mnaleta kwa chumvi yangu?"

Sauti ilitoka ndani. Mwanamke alisimama na fimbo kati ya ng'ombe wake, nao walikuwa wakilamba ukuta ule ule. Alijitambulisha kuwa Jerono, Msabaot. Boma la mumewe lilikuwa kwenye bega la pili la mlima.

"Ni ngamia, mama," Wekoye alijibu.

"Inauma?"

"Inatema tu."

"Basi isimame huko mwisho." Jerono alimzunguka Deka, kisha akamwona ndama na koti lake. Alitaka kuuliza, akashindwa kuchagua swali. "Hii mifereji ni meno ya ndovu. Wanakuja wakati wa giza, wanapapasa ukuta na mkonga, wanavunja, wanakula. Ng'ombe zetu zinalamba kile wanabakisha. Mmekula lini, nyinyi watu?"

Alikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, na ugali baridi wa wimbi. Walikula, na Deka akalamba. Jerono aliwaonyesha mteremko wa Kimilili, lakini aliwaonya kwamba ni utelezi mtupu.

Na ulikuwa utelezi. Kwato za ng'ombe huuma tope. Unyayo wa ngamia, uliotandazwa ili usizame mchangani, ulikuwa ukiogelea. Mguu mmoja wa Deka ukaenda mashariki, mwingine magharibi. Issack akageuka kijivu. Ngamia akipanuka hivyo hupasuka nyonga, na akishalala hasimami tena.

"Mshike hapo, usimwache," Wekoye alisema.

Alikwisha kuona ya kutosha juu kule. Mti ulivaa koti, ndege alivimbisha manyoya, na Deka hakuwa ameletewa viatu. Alikata kamba, akafunga mafundo makubwa makubwa, akayazungushia kila unyayo juu ya maganda ya mianzi yaliyotapakaa njiani. Deka alimtemea mate shingoni mara mbili kabla ya kumaliza. Kisha akajaribu hatua moja, akasimama, akajaribu ya pili. Mafundo yaliuma tope. Akateremka mlima mzima taratibu, akiinua magoti juu kama bibi harusi mwenye viatu vipya, na Wekoye nyuma yake akiimba wimbo wa kupeleka bibi harusi, maneno akiyatunga mwenyewe, mengine hayafai kuandikwa hapa.

Kimilili soko zima lilisimama. Bungoma watu walitoka stesheni, wakaacha gari moshi lipige honi peke yake. Walipofika mlangoni mwa Fadumo, Issack alikamua chombo kikajaa povu mpaka juu, akaingia nacho mwenyewe. Wekoye alibaki kizingitini, jicho likiwa kwenye kitanda.

Fadumo alikuwa mdogo chini ya shuka. Issack alimwinua kichwa. Alinusa, akakunja uso. Kisha dada akanywa funda moja. Akangoja. Likakaa. Akanywa la pili, akashika chombo kwa mikono yake miwili, akamsukuma kaka yake kando ili apate nafasi, akanywa mpaka povu likampaka pua.

"Huyu ngamia amekula nini?" aliuliza. "Maziwa haina ladha ya kwetu."

"Amekula ndevu za miti, abaayo," Issack alisema, akimwita dada kwa Kisomali, machozi yakimtiririka bila aibu. "Na amelamba ukuta wa ndovu."

Fadumo alimtazama kaka yake, akamtazama Mbukusu mwenye matope aliyejaza mlango, na nyuma ya Mbukusu akaona shingo ndefu ya Deka ikichungulia. Mabega yake yalianza kutikisika. Ilikuwa muda mrefu nyumba ile haijasikia kicheko chake, na wanawake waliokuwa uani walikuja mbio wakidhani ni kilio. Alicheka mpaka akachoka, akajilaza kwenye mto, akapumua.

"Mbona mmesimama tu?" akawaambia. "Mimi nasikia njaa."