Zamu ya Maji ya Elibariki

Jumatano ni zamu ya maji ya kina Elibariki. Tangu enzi za babu yake, siku hiyo wao ndio hufungua ndiva, lile bwawa la kijiji. Maji hushuka kwa mfereji hadi kwenye tangawizi yao. Huku milimani Same, mtu anaweza kusahau siku aliyozaliwa. Zamu yake ya maji hasahau.

Jumatano hiyo Asteria, mke wa Elibariki, alikuwa na furaha lakini amechoka. Mumewe ni dereva wa lori. Alipeleka mzigo nje ya nchi, na huko njiani watu wenye silaha wakamteka. Walimweka porini siku themanini na tatu. Sasa ameachiwa, na hii ilikuwa siku yake ya tisa nyumbani.

Nyumba ilikuwa imegeuka stendi. Kila mgeni alikuja na sukari yake na maswali yake.

"Pole sana, baba. Hebu tueleze, walikupiga?"

Elibariki alikuwa akiutazama mlango tu.

Mama yake, Bibi Dorkasi, alikuwa ameshapanga ibada ya shukrani. "Jumapili atasimama mbele atoe ushuhuda," alisema. "Akishasema yote, moyo utakuwa mwepesi."

"Na maji leo, mama?" Asteria aliuliza.

"Mdogo wake, Clemence, atafungua. Mwache mwenzio apumzike. Asishike hata jembe."

Asteria aliona ni sawa. Akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Ili wageni wasimsumbue mumewe, alifunga mlango kwa kufuli, kwa nje. Jamani, alifunga kwa mapenzi. Nia mbaya hakuwa nayo hata chembe.

Aliporudi alikuta mlango umelala uani, bawaba zimeng'oka. Elibariki alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Jasho lilimtoka.

"Baba Jeni, mlango umekukosea nini?"

"Nilimsikia Clemence anapita na jembe. Nikataka kutoka." Akafuta jasho. "Nitashuka Same mjini nikapange chumba. Hapa sipumui."

Maneno hayo yalimchoma Asteria. Siku zote zile alilala na simu mkononi, halafu hii ndiyo asante yake? Bibi Dorkasi naye alipouona mlango alishika kichwa. Alisema mwanawe amerukwa na akili, waitwe watu wa maombi.

Asteria hakungoja. Alijifunga kanga akaenda kwa Magreth, mhudumu wa afya wa kijiji. Alimkuta anachambua maharage. Akamweleza yote huku analia.

Magreth alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kule porini, nani aliamua Baba Jeni ale saa ngapi?"

"Wale watu."

"Atoke nje lini?"

"Ni wao, dada."

"Na hapa nyumbani, nani ameamua wageni waje? Nani ameamua atoe ushuhuda? Nani kampa Clemence zamu yake ya maji? Nani kafunga kufuli?"

Asteria alitazama chini. "Ni sisi," alisema.

"Usijilaumu. Hukujua. Na yeye hajarukwa na akili. Amerudi, ila mwili wake bado unangoja hatari. Kushtuka, kukosa usingizi, hasira, kutaka kuwa peke yake, hayo huwapata wengi waliopitia mambo kama hayo. Wengi hupata nafuu polepole, wakiwa salama na watu wao."

"Sasa nifanye nini?"

"Muulize, usimwamulie. Asilazimishwe kusimulia. Akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, kaa naye hivyo hivyo. Usimguse ghafla kwa nyuma. Ale kwa wakati, apate kazi ndogo za kufanya. Na pombe asiifanye dawa."

"Na maombi?"

"Yaendelee, kama mwenyewe anataka. Lakini hospitali Same kuna mshauri wa mambo ya moyo na akili. Mwende mkamwone. Haya yakifika mwezi bila kupungua, lazima aonwe. Na siku akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyo hiyo."

Asteria aliinuka. Magreth akamshika mkono.

"Na wewe Mama Jeni, unalala?"

"Naamka kila mara kusikiliza kama anapumua," Asteria alisema, na machozi yakaanza upya.

"Basi mwende wote wawili. Na wewe umeumia."

Asteria alirudi akakaa chini karibu na mumewe, lakini si karibu sana. "Baba Jeni, mimi nimekosea. Sikukuuliza. Wewe unataka nini?"

Elibariki aliutazama mlango uliolala uani. "Sitaki kusimama kanisani."

"Hutasimama."

"Wageni waje wawili wawili, tena alasiri."

"Sawa."

"Na zamu yangu ya maji nirudishiwe."

Kazi ikabaki kwa Bibi Dorkasi. Alikasirika kwelikweli. "Mchungaji ameshaandika jina! Watu watasemaje?"

"Waseme watakavyo, mama," Asteria alimjibu. "Mwanao anataka kuhama. Unataka ushuhuda au unamtaka yeye?"

Bibi Dorkasi alijifuta macho kwa kanga. "Nilitaka wamwone kwamba ni mzima," alisema. Baadaye alikwenda mwenyewe kwa mchungaji. Jumapili mchungaji alishukuru kwa niaba ya familia. Elibariki alikaa nyuma na mkewe, karibu na mlango ulioachwa wazi.

Elibariki hakwenda kupanga chumba. Waliteremka hospitali Same, wakarudi tena na tena. Hakupona kwa siku moja. Mpaka leo bodaboda ikipiga mlio anashtuka. Lakini analala, na Asteria naye analala. Mlango aliutengeneza mwenyewe. Aliweka komeo kwa ndani, na lile kufuli Asteria alilitupa chooni.

Jumatano moja, katika mwezi wa tatu wa kurudi kwake, Elibariki alifungua ndiva, akashuka na maji mpaka shambani. Asteria alikuwa ameshatangulia, anafungua mitaro midogo kwa jembe.

"Kule sikuwa na kalenda," Elibariki alisema ghafla. "Nilihesabu Jumatano. Ikifika, najiambia, sasa Mama Jeni yuko kwenye mfereji. Nilihesabu kumi na mbili."

Asteria alikuwa na maswali mia mdomoni. Aliyameza yote. Akaegemea jembe lake.

"Ya mwisho mfereji ulibomoka," alisema. "Nikaziba peke yangu, matope mpaka kiunoni. Nilikusema sana siku hiyo. Nikasema, mwanaume gani huyu, kaniachia mfereji."

Elibariki alimtazama. "Kumbe aliyekuwa akinisema ni wewe," alisema. "Siku ile nilijing'ata ulimi."

Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Asteria naye akacheka, mpaka maji yakawapita yakaingia kwenye shamba la jirani.